Tundu lisilo na jina: namna ya kuzitambua pini za picha na kujitengenezea waya

Mwezi wa sita, wakati baridi ya Mbeya inamfanya fundi aipende pasi yake ya risasi kuliko kikombe cha chai, mama mmoja alikuja kibandani kwangu Mwanjelwa akitokea Tukuyu. Kwenye kikapu alikuwa na kanda sita ndogo za harusi na deki ya kuzichezea, ndogo kama tofali la kuchoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Waya wake wamekula panya. Nimezunguka maduka yote, wananiambia hakuna."

Kweli hakuna. Nyuma ya deki palikuwa na tundu moja la duara lenye vitobo sita, juu yake pameandikwa "AV", yaani sauti na picha, basi. Kijitabu hakipo, na aliyeuza hakumbukwi. Kazi ya namna hii wengi wetu huikataa, au huifanya kwa kubahatisha: chomeka hapa, gusa pale, mpaka moshi utoke. Nitaeleza nilivyoifanya, kwa sababu njia ni ileile kwa mfumo wa kamera za ulinzi, TV ya kwenye basi au kamera ya zamani. Ila namba za vitobo nitakazotaja ni za deki ile tu. Usizihamishie kwenye mashine yako.

Vifaa si vingi. Unahitaji multimita (mita ya kupimia umeme), spika ndogo ya kompyuta yenye amplifaya ndani, TV yenye tundu la njano la kuingizia picha, rizista za kilo-omu 1 na kilo-omu 10, kapasita ya mikrofaradi 1 na nyingine ya mikrofaradi 470 ya volti 16. Rizista na kapasita utazipata kwenye bodi za saketi za redio mbovu. Kwa TV nakushauri ile ya chogo. TV bapa ikipata picha dhaifu au iliyovurugika hukuwekea skrini ya bluu na kukuambia hakuna kitu. Ya chogo hukuonyesha hata uchafu, na katika kazi hii uchafu ni habari njema.

Kwanza, usichomeke chochote

Soma kibandiko cha chaja. Mashine za mtumba kutoka Japani nyingi zimetengenezwa kwa volti 100, na hapa kwetu ukutani ni volti 230. Zipo chaja zinazokubali kuanzia 100 hadi 240, lakini lazima iwe imeandikwa. Ile ya mama ilikuwa salama.

Kisha safisha tundu kwa spiriti na mswaki, mulika kwa tochi ya simu, uhesabu vitobo. Angalia kama kuna kitobo kilichozibwa au pini iliyopinda. Tundu la deki hii lilikuwa ndugu wa tundu la mausi ya zamani ya kompyuta, lile la duara la rangi ya kijani. Hilo nililiweka akilini.

Chora, na uchore upande gani

Hapa ndipo waya nyingi zinapoharibika, tena mikononi mwa mafundi wazuri. Ukilitazama tundu la mashine uso kwa uso na kulichora, mchoro huo si mchoro wa jeki, ile ncha ya waya inayochomekwa. Jeki inaingia ikiwa imelitazama tundu, kwa hiyo kitobo kilicho kulia kwako kwenye tundu ni pini iliyo kushoto kwako unapoitazama jeki kwa mbele. Halafu ukiigeuza jeki ili uchomee risasi kwa nyuma, mambo yanageuka tena na kufanana na tundu. Ni kama kujinyoa kwenye kioo: mkono unajua, jicho linabisha.

Mimi huchora duara tatu kwenye karatasi moja. Ya kwanza naiandika "tundu kwa mbele", ya pili "jeki kwa mbele", ya tatu "jeki kwa nyuma, upande wa risasi". Naweka namba kwenye zote tatu kabla sijashika mita. Kwa kuwa tundu lilikuwa la umbo la mausi, nilitumia mpangilio wa namba wa mausi, 1 hadi 6. Kama tundu lako halifanani na lolote unalolijua, weka namba zako mwenyewe, mradi zisibadilike katikati ya kazi.

Tafuta graundi

Graundi ni pini ya upande hasi, ambako umeme wa pini nyingine hurudi. Mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa, weka mita kwenye omu. Gusisha ncha mbili za mita kwanza zenyewe kwa zenyewe, ikisoma 0.3, hiyo ni ya nyaya za mita, utaitoa. Kisha shika ncha moja kwenye bati la nje la tundu, nyingine ipite kitobo kimoja kimoja. Rudia ukiwa umeshika upande hasi wa betri.

Usitegemee mlio peke yake. Mita nyingi hulia kabla hazijafika sifuri, nyingine hulia hata kwenye omu 40 au 50, nawe utaandika "graundi" mahali penye kitu kingine kabisa. Soma tarakimu. Kwenye deki ya mama, kitobo namba 3 kilisoma sifuri kamili kwa bati na kwa hasi ya betri. Vingine vitano vilionyesha kilo-omu nyingi au havikuonyesha kitu. Usishangae ukikuta graundi mbili au tatu. Watengenezaji wengi huipa picha ya kwake na sauti ya kwake.

Vitobo vikiwa vyembamba kuliko ncha ya mita, tumia sindano ya kushonea iliyovikwa mpira wa waya hadi karibu na ncha. Kuteleza na kugusa vitobo viwili kwa mpigo si hatari sasa, lakini hatua inayofuata itakuwa hatari.

Neno moja kabla hatujaendelea, kwa aliye na mashine *inayopokea* picha, kama TV ya basi au projekta. Wewe una njia ya mkato. Waya wa picha hutakiwa kuishia kwenye rizista ya omu 75 kati ya pini ya picha na graundi, ndani ya mashine inayopokea. Mita itaiona hata mashine ikiwa imezimwa. Pima tundu la njano la TV yako ujionee, utapata 75 au karibu yake. Skrini ya kompyuta yenye tundu la pini 15 nayo ni hivyohivyo: pini 1 na 6 ni nyekundu na graundi yake, 2 na 7 ni kijani, 3 na 8 ni bluu, na kila jozi inasoma karibu omu 75. Ukikuta pini tatu zenye 75 kwenye tundu usilolijua, shuku mara moja kwamba ni rangi tatu zinazokwenda mbalimbali.

Mashine *inayotoa* picha, kama deki yetu, haina ukarimu huo. Ndani yake mara nyingi kuna omu 75 zilizofuatana na kapasita, na kapasita haipitishi umeme wa mita. Utaona ukimya. Inabidi uiwashe.

Washa, pima volti

Mita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), ncha nyeusi kwenye graundi uliyoipata, mashine imewashwa na kanda inazunguka. Kuhusu kanda, kidogo: mashine iliyotoka kwenye baridi usiiwashe papo hapo kwenye chumba chenye joto. Mvuke hugeuka matone juu ya kichwa cha kusomea na kanda hunasa. Iache saa moja au mbili. Na kanda zilizokaa Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, zikague kwanza kupitia kidirisha cha kanda. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, utachafua kichwa cha deki, na kanda nzuri zitakazofuata zitaumia. Kanda moja kati ya zile sita ilikuwa hivyo, niliiweka pembeni.

Majibu yalikuwa haya. Kitobo 4 kilikuwa na volti 5 kamili. Kitobo 6 kilikuwa na volti 3 na kidogo. Namba 1, 2 na 5 zilisoma karibu na sifuri.

Sasa, volti 5 na volti 3 zinaonekana kama ndugu, kumbe si ndugu. Ili kuzitofautisha, chukua rizista ya kilo-omu 10, iunganishe kati ya kitobo na graundi, kisha upime tena. Kitobo 4 hakikutikisika, kilibaki 5. Huo ni umeme wa kulisha kitu cha nje, usiuguse tena, na usiupeleke kwenye TV hata kidogo. Kitobo 6 kilianguka mpaka chini ya volti 1. Hiyo si njia ya umeme wa kulisha. Ni mlango wa ishara, kitu kinachosubiri kuambiwa jambo. Niliandika alama ya kuuliza, nikasonga mbele.

Sikiliza picha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na vijana wanaojifunza kwangu hudhani natania: picha inasikika.

Chukua waya wa spika ya kompyuta. Graundi yake iende kwenye kitobo cha graundi. Mguu wa sauti upitie rizista ya kilo-omu 10 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 1, ndipo uguse vitobo vilivyobaki, kimoja kimoja, sauti ya spika ikiwa chini. Rizista inailinda mashine ukikosea, kapasita inaizuia DC isiingie kwenye spika.

Kitobo cha sauti kitaimba au kusema. Kitobo cha picha kitavuma, mvumo mzito wa nyuki waliokasirika, kwa sababu picha ya mfumo wetu wa PAL hupigwa mara 50 kwa sekunde na kila pigo lina alama yake ya kuanzia. Picha ikibadilika, kutoka ukumbi wenye giza hadi bibi harusi aliyevaa nyeupe, mvumo nao hubadilika rangi yake. Mvumo wa umeme wa ukutani haubadiliki hivyo. Humo ndani pia mna mluzi mwembamba wa mistari ya picha, 15,625 kwa sekunde, lakini huo waachie watoto. Masikio yangu yaliacha kuusikia zamani.

Basi nikagusa 1: kimya. Nikagusa 2: kimya. 5: kimya. Kanda inazunguka, kiskrini cha deki kinaonyesha watu wanacheza, na tundu halisemi kitu.

Hapa wengi huhukumu kwamba deki ni mbovu. Nikairudia alama yangu ya kuuliza. Baadhi ya mashine hazitoi picha nje mpaka zijue kwamba waya umechomekwa, na zinajua kwa pini moja kuvutwa kwenda graundi ndani ya jeki. Nikachukua rizista ya kilo-omu 1, nikaunganisha kitobo 6 na 3. Kwa nini rizista na si waya mtupu? Kwa sababu hata ningekuwa nimekosea na pale pangekuwa na volti 5 za nguvu, kingepita kiasi cha miliampia 5 tu, kitu ambacho hakiui mashine. Waya mtupu ungeniuzia deki ya mama wa watu.

Kiskrini cha deki kikazima. Kwa sekunde moja moyo ulinishuka. Halafu spika, niliyokuwa nimeiacha kwenye kitobo 5, ikaanza kuimba kwaya. Nikahamia 1: kwaya ileile. Nikahamia 2: nyuki.

TV ithibitishe

Graundi ya deki iende kwenye pete ya nje ya tundu la njano. Kutoka kitobo cha nyuki, pitia kapasita ya mikrofaradi 470, mguu chanya ukitazama deki, mguu hasi uende katikati ya tundu la njano. Ile mikrofaradi 1 ya spika haitoshi hapa, ni ndogo mno kwa mzigo wa omu 75, itaitafuna picha.

Picha ikitulia na rangi ikiwepo, umemaliza utafiti. Mambo mengine unayoweza kukutana nayo ni haya. Picha nzuri lakini nyeusi na nyeupe ina maana mbili. Huenda mashine inatoa mwanga na rangi kwenye pini mbili tofauti, nawe umeshika ya mwanga. Ile ya rangi ukiipeleka TV peke yake haitoi picha yoyote inayotulia, kwa kuwa haina alama za kuanzia. Tafuta kama kuna pini ya tatu yenye vyote viwili. Au huenda pini ni sahihi ila mashine ni ya mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani, wenye mistari 525 badala ya 625 yetu. TV ya PAL pekee itaionyesha bila rangi, au itaizungusha juu chini. Ingia kwenye menyu ya TV, tafuta mfumo wa rangi, weka "auto" kabla hujaanza kulaumu pini.

Picha iliyoungua kwa weupe, nyuso hazina macho, maana yake mara nyingi TV haina zile omu 75 zake. Mashine hutoa volti 2 kutoka ncha hadi ncha ili nusu iliwe na omu 75 zake za ndani na volti 1 ifike kwenye TV: 0.3 ya alama za kuanzia, 0.7 ya picha yenyewe. Mzigo usipokuwepo, zote 2 zinafika. Weka rizista ya 75 kwenye tundu, na kama huna, mbili za 150 zikilala sambamba ni 75 halali.

Waya wenyewe

Nilikuwa na mausi mbovu, nikakata waya wake nikiwa najisifu. Jeki iliingia vizuri kabisa. Nilipopima pini kwa pini nikacheka mwenyewe: waya wa mausi una nyaya nne tu, za pini 1, 3, 4 na 5. Mausi haitumii 2 wala 6. Yaani nilikuwa na sauti mbili, graundi na ule umeme nisioutaka, nikakosa picha na ile pini ya kuiamsha deki! Kwa muuza kompyuta za mtumba nikapata waya wa kurefushia mausi, huo ulikuwa na nyaya zote sita. Kwa hiyo pima kabla hujakata. Na jeki ya pini nne, ile ya S-video, ni ya unene uleule lakini usiilazimishe kwenye vitobo sita, utapinda pini.

Ukipata jeki tupu ya kuchomea mwenyewe, ichomeke kwenye tundu bovu la kompyuta ya zamani ndipo uchome risasi. Plastiki ya jeki hulainika kwa joto na pini huhama. Tundu linazishika mahali pake. Pasi iwe ya moto wa kutosha, gusa, yeyusha, toa. Baridi yetu humshawishi mtu kuikandamiza pasi muda mrefu, na hapo ndipo pini zinapozama.

Nilikata waya wa kurefushia karibu na jeki, nikaacha mkia wa sentimita 15 tu, kwa kuwa nyaya zake za ndani hazina kinga ya kila mmoja. Kuanzia hapo nikaunganisha waya wa AV wa kawaida wa jeki tatu. Mguu wa njano uwe na kinga yake ya nyuzi iliyozunguka waya wa katikati, kinga hiyo iende graundi pale pale kwenye mkia. Ukiupitisha waya wa picha na wa sauti pamoja bila kinga, wale nyuki watahamia kwenye kwaya. Kwa mita moja na nusu waya wowote wenye kinga unatosha. Kwa umbali wa kuvuka ukumbi nunua waya wa kamera za ulinzi, RG-59, ambao ni wa omu 75. RG-58 unafanana nao kwa macho lakini ni wa omu 50.

Rizista ya kilo-omu 1 niliiweka ndani ya mkia, kati ya nyaya za 6 na 3, nikaivika mpira. Waya wa namba 4 niliukata mfupi kuliko wenzake na kuuziba kivyake. Kisha, kabla ya kuchomeka, nikapima kila pini dhidi ya kila nyingine. Pini sita zina jozi 15, ni kazi ya dakika tatu. Hakuna jozi iliyosoma sifuri, na 6 kwa 3 ilisoma kilo-omu 1 kama ilivyotakiwa.

Kupata kushoto na kulia kwa sauti kulikuwa kwepesi: nilichezesha kipande ambacho mpiga picha alikuwa na maikrofoni upande mmoja, nikasikia ipi inatangulia. Nyeupe ni kushoto, nyekundu ni kulia. Kanda ikiwa na sauti moja pande zote, yoyote itafaa.

Mama alikaa kwenye stuli yangu na khanga mabegani akatazama kanda tatu mfululizo, wateja wengine wakisimama nyuma yake. "Huyo aliyebeba sinia ni mimi," akasema, "kabla ya magoti haya." Alipoondoka, "ndaga fijo" yake (asante sana kwa Kinyakyusa) niliisikia mpaka nje kwenye bajaji. Chini ya deki nilimbandikia karatasi kwa selotepu, ili fundi wa kesho asianze upya:

Tundu kwa mbele, namba kama za mausi. 1 sauti kushoto. 2 picha. 3 graundi. 4 volti 5, usiguse. 5 sauti kulia. 6 kwenda 3 kwa kilo-omu 1, bila hiyo haitoi kitu.